Meza ya Mlangoni

"Kazini mimi na wewe si ndugu," wifi yake alisema, akijichana nywele mbele ya kioo kilichotundikwa jikoni. "Ukinikuta kwenye ngazi, nisalimie kama unavyomsalimia karani yeyote. Na hiyo barua ya kituo iache hapa hapa."

Mwokaji alikuwa amesimama karibu na friji. Alitaka maziwa ya chai, lakini mkono ulikuwa haujathubutu kuifungua. Friji ilikuwa yake, aliinunua mwenyewe kabla hajafungwa, na mumewe, fundi wa mafriji, aliifufua mara mbili. Lakini kwa miaka mitatu wifi yake ndiye aliyewalea watoto wake, akawapikia, akawafulia, akawasainia daftari za shule. Mtu akikulelea watoto miaka mitatu, jamani, hata friji yako unaiombea ruhusa.

"Naweza kuchukua maziwa?"

"Unaniuliza mimi? Chukua. Ila barua iache."

Barua yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja tu. Aliiandika Mwalimu, mkuu wa kituo kinachowafundisha kazi watu waliotoka gerezani na kuwatafutia pa kuifanyia. Haikupindisha maneno hata kidogo. Ilisema kwamba mwenye barua hii alikuwa mfanya usafi hospitalini, akaiba dawa stoo, akaziuza, akafungwa miaka mitatu. Ilisema kwamba gerezani alioka mikate ya watu mia nane kila siku ya Mungu, na kwamba kituoni amesoma miezi sita mashine za kisasa na kuwapita wote. Chini kulikuwa na sahihi na namba ya simu. Sharti la Mwalimu lilikuwa moja, naye hakulilegeza kwa mtu: barua inatolewa mlangoni, kabla hujavaa aproni.

"Huyo Mwalimu wenu ana mshahara wake," wifi aliendelea. "Kusema ukweli hakumpunguzii kitu. Wewe ukiitoa umejimaliza, na mimi niliyekuombea nafasi umenimaliza. Nimewaambia wewe ni jirani yangu, na kwamba ulikuwa unaoka kwenye hoteli moja huko mbali. Fomu nimekujazia mwenyewe."

"Pale wanapouliza kama umewahi kufungwa, umejaza nini?"

"Ulitaka nijaze nini? Nimejaza hapana."

Mumewe alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji ya mteja, bisibisi mdomoni. Aliitoa. "Ni wiki moja tu ya majaribio, mama watoto. Wakishaiona mikono yako, hata ukiwaambia umetoka kuzimu watakuchukua."

Mwokaji alikunywa chai yake haraka haraka. Barua aliikunja mara nne, akaisokomeza chini kabisa ya begi, chini ya aproni. Hakuwa amekata shauri kuitoa. Hakutaka tu kuiacha.

Kiwanda cha mikate kilikuwa na mlango mmoja wa chuma wa wafanyakazi, mwembamba, wa kupita mtu mmoja mmoja. Ndani kulikuwa na mashine mbili za kukandia, meza ndefu ya kukatia, chumba cha kuumulia na tanuri la umeme lenye milango sita. Zamu ilikuwa na watu ishirini na sita. Msimamizi wao walimwita Bwana Saa kwa sababu kila sentensi aliyoisema aliianza kwa kutazama mkono wake wa kushoto.

"Dakika nane, mashine inazima," alimwambia Mwokaji Jumatatu hiyo. "Huna haja ya kugusa. Ukigusa unapoteza muda."

Mwokaji aligusa. Alichovya mkono kwenye donge, akauacha humo kidogo, kama mama anayempima mtoto homa.

"Lina joto," alisema. "Maji mnayatoa tangi la juu ya paa?"

"Kwa nini?"

"Jua limeyachemsha. Hili litaumuka upesi, litajaa makopo mkifurahi, halafu mkilitia tanuri linaanguka katikati. Tieni barafu kwenye maji."

Bwana Saa alitazama saa. "Hapa si hotelini kwenu, bibi."

Lakini ni kweli kwamba mikate ya saa za jua ilikuwa ikianguka katikati miezi miwili mfululizo, na ni kweli kwamba lawama ilikuwa inamwangukia yeye. Aliagiza barafu, kwa sauti ya mtu aliyeiwaza mwenyewe. Saa nane mchana mikate ilitoka tanurini imesimama wima, migongo ya kahawia, haina hata bonde moja. Wasichana wa kufungashia waliitana waje kuona. Mwokaji aliinama kufuta meza ili wasimwone anavyotabasamu. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu afurahie kitu alichokifanya bila ya kuuliza kwanza alikotoka.

Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, king'ora kililia. Ilikuwa mazoezi ya moto, ya kila mwezi. Watu walitoka uani wakicheka, wengine na unga hadi viwikoni, na askari wa mlangoni, ambaye wote walimwita Afande, akapaza sauti: "Wawili wawili! Hesabu!"

Mwokaji alichuchumaa.

Hakufikiri. Magoti yalijikunja yenyewe, mikono ikapanda kichwani, macho yakashuka chini. Kwa miaka mitatu, asubuhi na jioni, neno hilo lilipotamkwa walichuchumaa wote, mgonjwa na mzima, mjamzito na kikongwe, na aliyechelewa alijuta. Sasa alikuwa peke yake chini, kati ya miguu ya watu waliosimama.

"Dada, umeangusha hereni?" kijana mmoja wa makopo aliuliza, na watu wakacheka.

Afande hakucheka. Kabla ya kulinda mikate alikuwa amelinda watu, miaka kumi na tisa, na mkao ule aliujua kama anavyoijua sahani yake. Alimsogelea, akainama. Alitaka kunong'ona, maskini, lakini koo lake lilikuwa limezoea kuamrisha.

"Simama. Ulikuwa gereza gani?"

Ua mzima ulisikia.

Meneja alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba shingoni, mtu wa haki kwa kipimo chake mwenyewe. Ofisini kwake, karibu na kabati la mafaili, wifi alikuwa amesimama.

"Ana magoti mabovu," wifi alisema kabla hajaulizwa. "Yanamwangusha ghafla. Mimi jirani yake, najua."

"Magoti yangu ni mazima," alisema Mwokaji.

Alifungua begi, akaichimba barua, akaikunjua na kuinyoosha kwa kiganja juu ya meza. Meneja aliisoma, akarudia kuisoma. Kisha akaivuta ile fomu kutoka kwenye faili.

"Hapa pameandikwa hapana. Nani alijaza?"

Mwokaji hakumtazama wifi yake.

"Nilijaza mimi."

"Kwa hiyo hata kama wizi umeuacha, uongo bado unao."

Hilo lilimwingia. Lilimwingia kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake, na kwa sababu hakuweza kulijibu bila kumtaja mtu. Meneja alipiga namba iliyokuwa kwenye barua, akaongea na Mwalimu kwa muda mrefu, akawatoa nje, akawaita tena.

"Bwana Saa anasema hajapata mkono kama wako. Utamaliza wiki yako. Ijumaa nikiridhika, Jumatatu unasaini mkataba. Lakini stoo huingii. Na kila jioni, kabla hujatoka, utapekuliwa."

"Kama wengine?"

"Wengine hawana barua kama hii."

Kanuni ya kuwapekua wafanyakazi wote ilikuwa imebandikwa ukutani pale mlangoni, imepauka kwa jua. Hakuna aliyewahi kuona ikifuatwa. Afande aliwajua watu kwa majina na kwa watoto wao, na jioni aliwapungia mkono tu.

Mwokaji alimpigia Mwalimu simu akiwa nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo.

"Kwanza ulinidanganya," Mwalimu alisema. "Jana ulinipigia ukasema umeitoa mlangoni. Hilo tutaongea."

"Sawa. Na haya ya kupekuliwa peke yangu?"

"Kiwanda hicho nimekiandikia miaka minne. Hakijawahi kumchukua mtu wangu hata mmoja. Hapa nina kumi na mmoja wanaojua kuoka. Kuna mmoja anakanda unga mkavu juu ya meza kila siku, asije akasahau."

"Kwa hiyo nikubali?"

"Sikwambii ukubali. Nakwambia nani yuko nyuma yako."

Basi alikubali. Jioni ile Afande alivuta meza ndogo ya mbao, akaiweka kando ya mlango wa chuma, akalimimina begi lake juu yake. Kitana kilianguka, na kopo la chakula, na aproni, na chupi ya akiba, na pamba za hedhi ndani ya mfuko wa nailoni ambao Afande aliufungua na kuchungulia. Zamu nzima ilikuwa imesimama nyuma inasubiri kupita. Kijana wa makopo, yule wa hereni, alitazama pembeni kwa adabu, na adabu ile ilimuuma zaidi kuliko kicheko.

Nyumbani hakukukalika.

"Nimekaa miaka tisa katika kiwanda kile!" wifi alifoka, watoto wote wawili wakiwa mezani na vijiko vyao mikononi. "Miaka tisa jina langu ni safi! Leo watu wananiuliza jirani wako ni mtu wa aina gani. Mwizi ni mwizi tu, hata umfundishe kuoka keki ya harusi!"

"Dada, watoto," mumewe alisema.

"Watoto wanajua. Nani aliwaficha? Niliwalea mimi!"

Mwokaji aliendelea kukata mkate, vipande vyembamba, sawasawa. Mumewe baadaye alimfuata uani alikokuwa anaanua nguo.

"Vumilia siku tatu. Ukishasaini, hata wakupekue meno, si una kazi?"

"Nikishasaini ndiyo itakuwa milele, baba watoto. Kitu ukikikubali kabla ya kusaini, ukishasaini hukitoi tena."

"Sasa utafanya nini?"

"Sijui," alisema, na kwa kweli hakujua.

Jumatano meza ilikuwepo. Alhamisi pia. Alhamisi Afande alimwambia avue viatu, na msichana mmoja wa kufungashia, mtoto wa juzi tu, alimwambia mwenzake bila hata kupunguza sauti kwamba tangu mwanamke yule aje yeye analifunga kabati lake kwa kufuli. Kazini, mikate iliendelea kutoka imesimama. Bwana Saa alijizoesha kumwita "fundi" penye mashine na kutomwita chochote penye mlango.

Ijumaa, mwisho wa zamu, Afande alivuta meza. Mwokaji aliweka begi. Kitana, kopo, aproni, mfuko. Alivua viatu bila kuambiwa, akavipindua vyote viwili ili unga uliokuwamo udondoke, wote waone. Akavivaa.

"Haya, pita," Afande alisema.

Hakupita. Alisogea hatua moja, akasimama katikati ya mlango wa chuma, mabega yake yakagusa fremu huku na huku.

"Anayefuata," alisema.

"Anayefuata nini?"

"Anayefuata mpekue."

"Mama, amri ni wewe peke yako."

"Amri iko ukutani nyuma yako, imeandikwa wote. Nimeisoma jana na leo nikiwa sina viatu. Mpekue anayefuata, mimi nitapita."

Nyuma kelele zilianza. Kuna aliyelia kwamba basi linamwacha. Kuna aliyesema kwani nani alimtuma akaibe. Bwana Saa alisukuma watu akafika mbele, akanyanyua mkono wake wa kushoto kana kwamba saa ile ingemtisha mtu.

"Dakika sita umetupotezea! Toka mlangoni!"

"Nitoe," alisema Mwokaji.

Hakuna aliyemgusa. Mwanamke aliyeinua magunia ya unga miaka mitatu humtoi mlangoni kwa dakika sita. Mwishowe meneja aliteremka ngazi, funguo za gari mkononi, na nyuma yake, kwa mbali, wifi na mkoba wake wa begani.

"Kuna nini hapa?"

"Hataki kupekuliwa," Bwana Saa alisema.

"Nimeshapekuliwa, muulize Afande," Mwokaji alisema. "Mama, mimi niliiba. Sikusingiziwa. Niliiba dawa za wagonjwa, na nikizikumbuka hadi leo silali vizuri. Hakimu alinipa miaka mitatu nikaitumikia yote. Alinipa miaka mitatu, hakunipa miaka mitatu na meza. Kama kiwanda kinapekua watu, kinipekue na watu. Kama hakipekui, basi nami ni mtu."

"Unajua nakusainisha Jumatatu?"

"Najua."

"Na nikikwambia Jumatatu usije?"

"Nitakuja. Nitasimama nje ya mlango huu na barua yangu mkononi, niombe kazi upya. Ukikataa nitakuja Jumanne. Mikate ya wiki hii mmeila, mnajua ninachoomba."

Loo, meneja alikasirika! Uso ulimwiva. Alikuwa amechoka, wiki ilikuwa ndefu, na hapo mbele ya zamu nzima mtu wa majaribio anampangia kazi. Alitaka kumkomesha, na aliona njia ya kumkomesha bila jasho: awacheleweshe wote kwa ajili yake, kisha awaache wenzake wammalize kwa midomo.

"Sawa. Afande, kila mtu mezani. Mmoja mmoja. Na mumshukuru huyu."

Watu walinung'unika. Afande akaifuta meza kwa kiganja. Mwokaji alitoka mlangoni, akasimama kando, akangoja.

Wa kwanza kwenye foleni, mzee wa tanuri, alipapasa mifuko ya koti. "Ah! Mwavuli wangu," alisema, na akarudi ndani. Aliyemfuata alikumbuka kopo la chakula. Msichana mwenye kufuli alikumbuka kwamba hakulifunga kabati. Wawili waliondoka pamoja bila kusema wamesahau nini. Kijana wa makopo, ambaye tumbo lake lilikuwa limenenepa tangu mchana, alitembea kinyumenyume hadi kona, kisha akakimbia. Bwana Saa alitangaza kwamba amesahau miwani, nayo ilikuwa imo puani mwake. Katika watu ishirini na sita walibaki wanne, na kutoka chumba cha kubadilishia nguo ilisikika milango ya makabati ikifunguliwa na kufungwa, kufunguliwa na kufungwa.

Meneja alisikiliza. Hakuna aliyethubutu kumtazama.

Hapo ndipo wifi aliposhuka ngazi za mwisho. Angeweza kurudi juu. Makarani walikuwa na visingizio vingi kuliko waoka mikate. Alifika mezani, akafungua mkoba, akatoa matofali mawili ya siagi katika karatasi ya kiwanda, akayaweka.

"Haya ni yangu," alisema. "Yaani si yangu. Nimeyachukua. Na ile fomu niliijaza mimi, yeye hakuigusa. Na si jirani yangu. Ni wifi yangu, mke wa kaka yangu."

Afande aliitazama ile siagi kana kwamba itaanza kusema. Huko ndani makabati yalinyamaza.

Meneja alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu hii alishaimaliza: mikate elfu nne inapaswa kuwa madukani kesho, na huwezi kuioka na watu wanne.

"Toa hiyo meza, Afande. Watu waende kwao." Kisha akamgeukia wifi. "Wewe tutaonana Jumatatu."

"Na mimi?" aliuliza Mwokaji.

"Na wewe Jumatatu. Njoo na kalamu."

"Mwalimu ana watu kumi na mmoja wengine."

"Usinipande kichwani, mama."

"Sikupandi. Nakupa idadi."

Meneja alimkazia macho kwa muda ambao Bwana Saa, kama angekuwepo, angeupima. "Mwambie anipigie," alisema, akatoka.

Mawifi wawili walitembea kwa mguu. Walivuka barabara mbili, wifi amekumbatia mkoba wake mtupu.

"Atanifukuza," hatimaye alisema.

"Huenda. Ukifukuzwa tutakutafutia pengine, mbona mimi mlinitafutia."

"Usinitanie."

"Sikutanii."

Wifi alifuta pua kwa kiganja, yeye ambaye siku zote alitembea na leso mbili. "Si mara ya kwanza, unajua. Ile siagi mliyokula Jumapili iliyopita..."

"Najua. Jumatatu nilipopita mbele ya stoo niliiona karatasi ile ile, rundo zima."

Wifi alisimama katikati ya njia. Mwenye baiskeli alimkwepa, akamtukana, naye hakusikia.

"Ulijua tangu Jumatatu? Jumanne nimekuita mwizi mbele ya watoto wako, na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mbona hukusema?"

Mwokaji alimtazama. Hasira aliyoimeza siku nne ilikuwa bado ipo, nzima nzima, na hakuona sababu ya kuificha.

"Ningesema kwa shahidi gani, wifi?" aliuliza. "Mimi?"